Kisanduku cha Kulainisha Mwanga

Nilipokuwa mpiga picha Kashikishi, mji wa wavuvi upande wa Zambia, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, hakuna mteja aliyekubali kupigwa picha bila flashi. Hata saa sita mchana, jua limetanda juu ya ziwa na dagaa wanakauka kwenye mchanga, mtu aliyevaa koti la kuazima alisimama mbele yangu akausubiri ule mwako. Usipowaka, alijiona ameibiwa. "Haikuwaka," alisema, na hakutoka pale mpaka uwake. Wapo wenzangu waliowasha flashi huku kamera haina filamu ndani, ili mteja aende zake ameridhika, kisha wakamrudia siku filamu ikipatikana. Mimi sikufika huko. Nalitaja hili mapema kwa sababu katika habari hii yote ndilo jambo pekee ninaloweza kujisifia.

Nilikuwa nimevuka kutoka Kongo mwaka 1997, na kamera ya mtumba, flashi moja na majivuno ya kutosha watu watatu. Lubumbashi nilikuwa nimefanya kazi kwenye studio ya mzee mmoja. Kazi yangu ilikuwa kufagia na kushika taa, lakini Kashikishi nilisema nilikuwa naibu wake. Yule mzee alikuwa na mwavuli mweupe aliouweka mbele ya taa, na nyuso zilizopita chini ya ule mwavuli zilitoka laini, hazina mng'ao wala kivuli kikali. Mimi sikuwa na mwavuli. Wanawake wa pale ziwani walijipaka glisarini usoni kabla ya picha ili wapendeze, na flashi yangu ilipowapiga, paji la uso na pua vilitoka vyeupe kama sahani ya bati. Wateja hawakulalamika. Ni mimi niliyekuwa nikiona haya kila bahasha ilipofunguliwa, na haya ile ilikuwa ya kiburi tu, haikuwa ya maana. Ile ya maana ilikuwa bado njiani.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mwanamke mfanyabiashara, Mkongo mwenzangu, aliyekuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya soko. Alinunua dagaa wakavu, wale ambao pale huitwa chisense, akawavusha kwa boti hadi Kilwa, upande wa Kongo, na boti zilimrudishia vitenge. Alinizidi kwa miaka kama kumi, nami nilimwita yaya, jinsi tunavyowaita dada wakubwa kwetu Katanga. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinipa kazi kila sikukuu, alinitetea kwa majirani, na siku nilipougua malaria alinitumia uji kwenye kibuyu cha plastiki kwa siku nne mfululizo.

Kiangazi kimoja mama yake alivuka kutoka Kilwa kuja kumtembelea kwa majuma machache. Alikuwa mzee mwembamba, aliyefunga kitambaa chake cha kichwa upandeupande, fundo likiwa juu ya sikio. Yaya aliniita siku ya pili tu baada ya mama kufika.

"Mama hana foto," aliniambia. "Ata moja. Kuzaliwa kwake mupaka leo. Alikuwaka na kitambulisho zamani, ikapotea mu maji. Minapenda foto moja tu, macho wazi, anaangalia batu. Batoto bangu bamujue."

Nilimwambia hilo ni jambo dogo. Yaya alikuwa na watoto wawili waliokuwa wakisoma Lubumbashi kwa shangazi yao, ambao bibi yao walimsikia tu kwa jina. Nilielewa vizuri alichokuwa akikitaka, hata leo siwezi kujitetea kwamba sikuelewa.

Tulipiga ndani ya nyumba, kwa sababu yaya alitaka pazia lake jipya lionekane, na kitambaa cha mezani alichokifuma mwenyewe, na redio, na maua ya plastiki. Mama aliketi kwenye kiti cha mbao, mikono juu ya magoti. Majirani walijaa mlangoni. Nilipiga ya kwanza, akafumba macho. Ya pili, akafumba tena, safari hii kabla hata sijabonyeza. Kwenye ya tatu nilikuwa nimeshachoka. Filamu ilikuwa na nafasi thelathini na sita na kila moja nilikuwa nimeihesabia kazi yake, na huyu bibi alikuwa akinilia nafasi mbele ya watu.

"Mama, fungua macho," nilimwambia kwa sauti kubwa. "Hii haiko bunduki. Ni kamera. Ata batoto hawaiogope."

Watu mlangoni walicheka. Mama naye alicheka, mkono mdomoni, akasema, "Samaani, mutoto wangu." Aliniomba msamaha mimi. Nami niliupokea kama mtu anayestahili, nikatikisa kichwa, nikabonyeza, na macho yakafumba.

Kulikuwa na njia rahisi, na mpiga picha mwenye akili angeiona. Ningembeba mama na kiti chake mpaka mlangoni, penye kivuli, ule mwanga wa ziwa ukamwingia usoni taratibu, nikaiacha flashi mfukoni. Ingetoka picha nzuri kuliko zote nilizopiga maishani. Lakini picha isiyo na mwako haikuwa picha, mimi mwenyewe nilikuwa nimewazoesha watu hivyo, na wala wazo hilo halikunijia.

Filamu zetu zilisafirishwa Kitwe na madereva wa malori ya samaki, zikasafishwa huko, na bahasha zikarudi baada ya wiki mbili, zinanuka samaki. Picha tatu za mama zilirudi macho yamefumba zote. Nilimpelekea yaya ile iliyokuwa na afadhali. Aliitazama kidogo tu, akailaza mezani kifudifudi.

"Hii ni foto ya mufu," alisema.

Hakuwa na hasira. Watu wote pale waliamini hivyo, na mimi nusu niliamini: picha ya mtu aliye hai aliyefumba macho ni kumwitia kifo nyumbani. Mteja hakuichukua, na mpiga picha hakumlazimisha. Niliirudisha kwenye bahasha.

"Mama anarudia Kilwa siku ya posho," alisema, yaani Jumamosi, na ile ilikuwa Jumatano. "Ile lumiere yako njo inamupiga mu macho. Hauwezi kuipunguza?"

Swali lile la kupunguza mwanga lilinipata penye udhaifu wangu. Tangu niondoke Lubumbashi nilikuwa nikiuota ule mwavuli mweupe. Nilimjibu kwamba naweza, kwamba kuna ufundi wa studio kubwa ambao nilikuwa sijauonyesha bado Kashikishi, na kwamba angoje Ijumaa aone.

Nilinunua sokoni dumu tupu la mafuta ya kupikia, lile la lita tano, la plastiki nyeupe ya maziwa inayopitisha mwanga bila kuonyesha kilicho upande wa pili. Nililiosha kwa majivu na maji moto mara nne mpaka mkono ukateleza bila mafuta. Nikakipasha kisu kwenye mkaa na kukata ubavu wa dumu, plastiki ikinuka na kujikunja, nikakosea mara ya kwanza na kukata upya kutoka ubavu wa pili. Nikakunja kisanduku kidogo, mdomo wake sawasawa na kichwa cha flashi. Kuta za ndani nikazibandika karatasi za fedha za pakiti za sigara, nilizookota mbele ya baa, kwa gundi ya unga wa muhogo, ili mwanga uzungukezunguke ndani kabla ya kutoka. Nikakifunga kwenye flashi kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Kilikaa imara. Nilikitikisa, hakikuanguka.

Nilikijaribu ukutani mwa chumba changu. Niliweka kiganja mbele ya flashi tupu nikawasha, na kivuli cha vidole kikawa na kingo kali. Nikavalisha kisanduku nikawasha tena, na kivuli kikalainika, kingo zikapotea. Niliwasha mara nane au tisa, nikicheka peke yangu kama mwehu. Yule mzee wa Lubumbashi alikuwa akisema kila kitu unachokiweka mbele ya taa kinakula mwanga, kwa hiyo ufungue lenzi zaidi. Nikakumbuka, nikapanga kuifungua hatua moja. Nilijiona fundi.

Kipimo cha kweli kilikuwa kupiga picha mbili tatu kwa kile kisanduku na kuzituma Kitwe kabla ya kumkalisha mtu. Wiki mbili sikuwa nazo, hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba ningeweza kumwambia yaya, "Kitu hiki sijakijaribu, tupige na nyingine nje bila flashi kwa usalama." Maneno hayo yangenishushia hadhi. Nilimfanya mama yake kuwa jaribio langu na sikumwambia.

Ijumaa majirani walirudi mlangoni, wengi zaidi, maana habari ya kisanduku ilikuwa imezagaa. Mama aliketi kwenye kiti kilekile. Niliona alivyoyabana macho mapema, akijiandaa kuumia. Nikawasha. Uso wake ukalegea.

"Saa hii haikuniumiza," alisema.

Nilipiga tano. Macho yalibaki wazi kwenye zote tano. Kwenye ya mwisho alitabasamu, na yaya, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, alivuta pumzi na kuishusha. Nikawageukia majirani nikawaeleza ufundi wa kulainisha mwanga, nikichomeka Kifaransa hapa na pale ili wasielewe sana. Mama aliponishika mkono kuniaga alisema, "Mungu akubariki, mutoto wangu. Unajua kazi." Hata sasa nikikumbuka jinsi nilivyoinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kujifanya, nasikia joto masikioni.

Nafasi chache zilizobaki kwenye filamu nilizimaliza mchana uleule kwa wauza samaki pale bandarini, bila kisanduku, nikamkabidhi dereva. Jumamosi mama alivuka kurudi Kilwa.

Bahasha iliporudi sikungoja kufika nyumbani. Niliifungulia nyuma ya lori, kati ya matenga. Wauza samaki walikuwa wametoka safi, wanang'aa nyuso. Zile tano zilikuwa giza. Si weusi mtupu, ingekuwa heri. Zilikuwa na rangi ya matope, na ndani ya matope ukikaza macho uliona ukingo wa kitambaa cha mezani na mstari wa kitambaa cha kichwa. Pale uso ulipotakiwa kuwa, hapakuwa na kitu.

Nilirudi chumbani nikaishika flashi na kisanduku chake, na sikuchukua hata dakika kumi kulijua kosa. Mbele ya flashi ile, chini ya kioo, kulikuwa na kidude kidogo cha duara, ukubwa wa punje ya maharage. Kazi yake ilikuwa kupima mwanga unaorudi kutoka kwa mtu na kuiamuru flashi izime ikitosha. Kisanduku changu kilikuwa kimeshuka mpaka kikakifunika. Kidude kikauona mwanga wa flashi yenyewe ukirukaruka kwenye karatasi za sigara, kikadhani mtu ameshamulikwa vya kutosha, kikakata papo hapo. Ulitoka nje mwanga kidogo sana, wa kuonekana kwa macho lakini usiotosha filamu. Ndiyo maana haukumuumiza. Mama wa watu alinibariki kwa sababu nilikuwa sijampiga picha.

Ningeweza kwenda kusema hivyo. Nyumba yake ilikuwa umbali wa kurusha jiwe. Nilikwenda, na nikiwa njiani bado nilikuwa na nia ya kusema. Lakini nilipofika nilimkuta amekaa na wanawake wawili wa Kikongo anaofanya nao biashara, na aliponiona alinyanyua uso wenye tumaini mno. Mdomo wangu ukachagua wenyewe.

"Yaya, bale ba Kitwe bameharibisha," nilisema. "Dawa yao ilikuwa mubaya. Foto zote za mama zimekufa."

Zile za wauza samaki nilikuwa nimezificha chini ya godoro, na filamu ilikuwa ileile moja; dawa mbaya ingeziharibu nazo.

Wale wanawake wakawalaani watu wa Kitwe, ambao hawakuwa wamekosa lolote, na mimi nikatikisa kichwa pamoja nao. Kisha yaya akasema, "Bon. Haiko kosa yako. Mama atakuya tena kisha mvua. Utamupiga tena." Akainuka, akaniletea bukari, yaani ugali wa kwetu, na samaki wa kuchoma, maana ilikuwa saa ya chakula. Nikanawa mikono nikala. Nilimaliza sahani.

Kisanduku nilikirekebisha kesho yake. Nilikata tundu mbele ya kile kidude, nikautoa moshi uliokuwa umeshika plastiki kwa kuisugua na mchanga laini, na tangu hapo kilifanya kazi kama kilivyotakiwa. Nyuso zikatoka laini. Maharusi walinifuata, watoto wa kipaimara, kwaya nzima iliwahi kunijia kutoka Chienge kwa sababu walisikia kuna mtu Kashikishi ambaye picha zake hazing'ai pua. Kisanduku kilinipa jina. Kila niliposifiwa niligeuza mazungumzo, na watu wakaniona ni mtu asiyependa makuu.

Mvua zikaanza, na mwaka ule zilikuwa kali. Bati la chumba changu lilivujia kwenye kopo nililotunzia negativu za filamu pamoja na picha zisizochukuliwa, na kabla sijajua vipande vilikuwa vimeshikana kama majani ya chai yaliyolala kwenye birika. Nikavitupa. Ilikuwa bado mvua, pengine Februari, boti moja ilipoleta habari kutoka Kilwa kwamba mama amefariki kwa homa, na kwamba ameshazikwa siku tatu zilizopita. Ziwa lilikuwa limechafuka, na hakuna aliyethubutu kumpelekea yaya habari mapema. Hakumzika mama yake. Alifanya kilio pale Kashikishi, nyuma ya soko, bila maiti na bila kaburi.

Nilikwenda kutoa pole kama kila mtu. Alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, ameegemea ukuta, kitenge kimefungwa kifuani. Alinishika mkono asiuachie.

"Hakukubakia ata moja?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Mu zile za kwanza, hakuna yenye macho wazi? Angalia muzuri. Batu beko wanakuya, mezani hakuna kitu."

Pale mezani, kwenye kitambaa kilekile cha kufuma, palikuwa na mshumaa na maua ya plastiki, na katikati palikuwa wazi.

"Nitaangalia, yaya," nilisema.

Nilijua nilichokuwa nacho. Picha moja tu ilikuwa imepona maji, kwa kuwa ilikuwa kwenye bahasha nyingine juu ya rafu, ile aliyoilaza kifudifudi. Ningempa ile. Ningesema, "Macho yamefumba, lakini ndiyo hii." Nilijiambia kwamba itamuumiza, kwamba aliikataa mama akiwa hai na sasa itakuwa kama tumemtabiria. Huo ulikuwa uongo mzuri, na nilikaribia kuuamini. Kilichonitisha hasa ni kwamba akiiona hiyo angezikumbuka nyingine, na angeuliza.

Nikafunga mlango mchana kweupe. Karani mmoja wa shule alinipa tone la ule wino mweupe wa kufutia makosa ya taipu, nikampa sababu ya uongo, sikumbuki ipi. Wino mweusi nilikuwa nao. Uso wote wa mama kwenye picha haukuzidi ukucha wa kidole gumba. Nikachukua sindano, nikashikilia pumzi, nikamchorea macho. Doa jeupe kwanza juu ya kope, likakauka, kisha duara jeusi katikati, kisha, kwa kuwa ni mimi, nukta moja nyeupe ndani ya kila duara, ya mwako wa flashi. Yule mzee wa Lubumbashi nilikuwa nimemwona akirekebisha picha hivyo. Nilipomaliza nilisimama hatua mbili nyuma nikaridhika nayo, na kuridhika kule ndiko kunakonitia haya kuliko sindano yenyewe.

Niliitia kwenye nailoni safi nikampelekea. "Nimeipata moja mu ile filme ya kwanza, yaya. Niliisahau."

Aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu, uso haukuniambia chochote. Akasema, "Aksanti," akainuka mwenyewe kwenda kuiweka mezani. Wanawake wakapita mmoja mmoja, wakainama, wengine wakalia upya. Mama mmoja wa Kizambia, jirani aliyekuwa mlangoni siku ile ya kucheka, alinishika bega akasema, "Natotela mukwai," yaani asante sana kwa Kibemba. Nilikaa mpaka mwisho wa kilio, mstari wa mbele, kama mtu wa nyumbani.

Kama majuma mawili baadaye, alasiri moja, yaya alikuja kwangu. Hakuwa na kawaida ya kuja, ni mimi niliyekuwa nikienda. Aliketi kwenye benchi la wateja, akafungua ncha ya kitenge, akaitoa picha kutoka kwenye nailoni na kuishika magotini.

"Nani aliandika hii macho?" aliuliza.

Sikuuliza macho gani. "Ni miye," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Jicho ya mama ya kushoto ilikufaka zamani," alisema. "Ilikuwa nyeupe yote, na wingu. Karibu miaka kumi. Ya kuume nayo ilianza kufuata. Lumiere ilikuwa inamuchoma sana, njo maana alikuwa anafunga." Akaigonga picha kwa kidole. "Hii yako, macho yake yote mbili ni ya kijana. Batu ba Kilwa walikuya, banamujua. Waliona. Hawakusema kitu, wasinipe haya."

Nilivuta bahasha za wateja nikaanza kuzipanga.

"Ulimuangalia mara mbili na ile mashini yako," alisema.

Ilikuwa hivyo. Mara mbili nilikaa mbele ya mama yake, hatua nne tu, na jicho langu kwenye kioo. Nilipima umbali mpaka puani. Nilitazama kama pazia limenyooka, kama redio inaonekana, kama paji la uso linang'aa. Ile siku ya pili macho yake yalikuwa wazi mara tano mfululizo, na nilichokiangalia ni kama yako wazi. Watu wote wa mlangoni walijua mama hana jicho. Walipocheka, sasa naelewa, walikuwa wakicheka kwa aibu ya kunisikia mimi.

"Ile ya kufunga macho," alisema, "ile nilikatala. Nimewaza sana. Alikuwa anafunga vile kila siku, akikaa mu jua mbele ya nyumba. Ile njo ilikuwa mama. Unipe ile."

"Yaya," nilisema. "Ni hii."

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, akaiangalia upya ile karatasi magotini. Nikaruka nikachukua pamba, nikailowesha mate, nikamwomba anipe niyafute, na nilikuwa nimeshaipeleka pamba mpaka kwenye picha alipouzuia mkono wangu.

"Wacha," alisema. "Utamutoboa."

Nikarudi kukaa. Nje walikuwa wakipakia lori, wakihesabu matenga kwa sauti. Aliinua picha karibu na uso wake, akasogeza kidole gumba polepole juu yake mpaka kikayafunika macho yote mawili, na kikakaa hapo. Ukabaki mdomo, na kidevu, na kile kitambaa kilichofungwa upandeupande.

"Hapa ni yeye," alisema.

Kisha akaniuliza, bila kuniangalia, bila ukali wowote, kama mtu anayetaka tu kujua jambo ili aweze kulala. "Na zile za pili, zenye alicheka. Kweli ni ba Kitwe?"

Kisanduku kilikuwa kwenye rafu juu ya kichwa chake, na lile tundu nililolikata. Nilikuwa na nafasi yote. Hapakuwa na mtu mwingine mle ndani, na baya zaidi alikuwa ameshalijua.

"Ndiyo, yaya," nilisema. "Ni ba Kitwe."

"Bon," alisema, akaniamini. Aliinuka akaniaga kwa jina la ukoo wangu, kwa heshima, jinsi alivyoniaga siku zote, akatoka kuelekea sokoni akiwa ameibeba vilevile, kidole gumba juu ya macho.